Ruzuku ya serikali haioneshi nyumba inavuja wapi

SWALI: Fundi amenishauri nibadilishe madirisha yote niweke ya vioo viwili, kisha nifunge pampu ya joto, yaani mashine inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani. Anasema serikali itarudisha sehemu kubwa ya gharama, ila nisaini leo na kutoa malipo ya awali. Fomu za ruzuku tutajaza kazi ikiisha. Bili zangu za kupasha nyumba joto zimenishinda. Je, nikubali?

JIBU: Usisaini. Mipango mingi ya namna hii hailipii kazi iliyoanza kabla ya ombi kukubaliwa. Ule wa Canada ulioanza 2021 ulitaka nyumba ipimwe kabla ya kazi na ipimwe tena baada yake. Na masharti hubadilika: nchini Marekani, nafuu ya kodi ya serikali kuu kwa maboresho kama haya ilifutwa kwa kazi zilizokamilika baada ya Desemba 31, 2025. Soma masharti ya leo kwenye tovuti ya serikali yako, usitegemee karatasi ya muuzaji.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni hili la kuichukua orodha ya vitu vinavyolipiwa ruzuku kana kwamba ndiyo orodha ya mahitaji ya nyumba yako. Umeniandikia kuhusu madirisha, na hakuna popote uliposema mtu amepanda darini. Hewa yenye joto hupanda. Hutorokea juu, kwenye matundu ya nyaya, pembeni mwa mabomba, kwenye kifuniko cha dari, na hewa baridi huvutwa ndani kutoka chini kujaza nafasi yake. Dirisha jipya haliwezi kuzuia hilo. Mkaguzi wa nishati hufunga feni kubwa kwenye mlango wa nje, huitoa hewa hadi tofauti ya shinikizo ifike paskali 50, kisha huzunguka na moshi kidogo kutafuta mianya. Hapo ndipo utajua pesa yako inavujia wapi. Ziba mianya, ongeza kihami joto darini (tabaka la kuzuia joto lisitoke), ndipo mtu akokotoe ukubwa wa pampu. Ukianza na pampu utauziwa kubwa kuliko inavyohitajika, iwe inawaka na kuzima kila mara na kuchakaa mapema. (Kama una jiko au tanuri la gesi, bomba lake la moshi lipimwe baada ya kuziba. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayoweza kubaki ndani moshi usipotoka vizuri, haina harufu.)

Kila ruzuku inapotangazwa, huibuka watu ambao jana hawakuwa mafundi. Australia ilipoanza kulipia vihami joto vya dari mwaka 2009, kampuni zilichipuka kila upande zikiwa na vijana wasiofunzwa vya kutosha. Vijana wanne walifariki kazini: watatu kwa kupigwa na umeme, mmoja kwa joto kali. Nyumba kadhaa ziliungua, na mpango ukasitishwa Februari 2010. Ndiyo maana siwezi kumvumilia mtu anayeharakisha saini.

Mwulize fundi wako alipima nini, na kwa kifaa gani. Mtake makisio ya maandishi yenye namba ya modeli ya kila kifaa, maana fomu nyingi huitaka. Ombi lijaze mwenyewe, na malipo ya awali yasubiri barua ya kukubaliwa. Akisema bei ni ya leo tu, tafuta fundi mwingine.