Fuata Sauti: Ninavyopata Podikasti za Vichekesho vya Kuandikwa

Siku moja nikiwa kwenye daladala la Gongo la Mboto, foleni imegoma kabisa pale Tazara, niliangua kicheko kikubwa hadi konda akageuka. Mama mmoja mtu mzima niliyekaa naye siti moja alinitazama kwa jicho la pembeni, kisha jicho likageuka kuwa la huruma.

"Mwanangu, u mzima?"

"Shikamoo mama. Mzima tu, nasikiliza msiba."

Nilitaka kusema nasikiliza mchezo unaohusu mambo ya msiba, ila maneno yalishatoka. Akasogea dirishani.

Kilichoniponza ni Wooden Overcoats, mchezo wa kusikiliza kutoka Uingereza, unaotoka kama podikasti, yaani vipindi vya sauti unavyovipata mtandaoni kwa simu. Jina lenyewe ni utani: koti la mbao ndiyo jeneza. Kuna kisiwa cha kubuni kinaitwa Piffling, na hapo kaka na dada, Rudyard na Antigone Funn, wanaendesha kampuni ya mazishi. Kaka hajui kusema neno la kumfariji mfiwa hata kidogo. Dada anajifungia chini na maiti kwa sababu walio hai wanamchosha. Biashara inakwenda hivyohivyo kwa kuwa kisiwa kizima hakina kampuni nyingine, na ukifa huna pa kuchagua. Halafu anahamia bwana mmoja, Eric Chapman, mtanashati, mpole, kila mtu anampenda, na anafungua kampuni yake ya mazishi ng'ambo ya uwanja, anatazamana nao mlango kwa mlango. Anayekusimulia yote hayo ni panya anayeishi nyumbani kwa Rudyard. Mchezo ulianza mwaka 2015 ukamalizika 2022, misimu minne, hadithi ikafungwa vizuri. Ukiusikiliza leo unajua kabisa hutaachwa njia panda.

Wengi huniuliza vitu hivi navitoa wapi. Kwa kweli nilihangaika karibu mwaka mzima, na sababu ni moja: nilikuwa natafuta kwa neno "vichekesho". Ukiandika hivyo kwenye programu yoyote ya podikasti utaletewa marafiki wawili au watatu wamekaa mbele ya maiki wanapiga soga na kuchekana wenyewe. Wengine ni wazuri, sikatai. Ila mimi nilikuwa nataka mchezo wa redio: watu wa kubuni, mji wa kubuni, mlango unaolia, na mtunzi aliyekaa chini akaandika.

Mwaka 2019 Apple walipopanga upya makundi ya podikasti zao, waliweka kundi la hadithi za kubuni, na ndani yake kijikundi cha vichekesho vya kubuni. Anzia hapo, achana na kundi kubwa la vichekesho. Ila bado kuna mtego. Ndani ya kijikundi hicho wamechanganywa wanaoandika na wanaobuni papo hapo. Hello from the Magic Tavern, kwa mfano, inamhusu jamaa aliyetumbukia kwenye tundu nyuma ya mgahawa wa Burger King huko Chicago, akatokea nchi ya maajabu inayoitwa Foon, na sasa anarusha podikasti akiwa kulekule. Wazo ni tamu, na waigizaji wale wana ulimi mwepesi ajabu. Lakini wanabuni wakiwa wanarekodi, kwa hiyo raha yake ni ya kusikia watu wakitegana. Kwenye mchezo ulioandikwa, kitu kidogo kinadondoshwa dakika ya tatu, unakisahau, kinakuja kukulipukia dakika ya ishirini. Hiyo ndiyo raha ninayoitafuta mimi. Ukitaka kutofautisha haraka, tazama kama wenyewe wameweka maandishi ya mchezo kwenye tovuti yao. Waliobuni papo hapo kwa kawaida hawana cha kuweka.

Orodha za zinazosikilizwa zaidi usizitegemee. Welcome to Night Vale, ambayo leo ndiyo inayotajwa kuliko zote, ilianza Juni 2012. Ilikuja kushika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya Apple Julai 2013. Yaani mwaka mzima ilikuwepo, nzuri vilevile, na anayesubiri orodha imwambie hakuijua.

Na kama umelelewa na redio, Night Vale itakuingia kuliko unavyodhani. Watunzi wake, Joseph Fink na Jeffrey Cranor, wameibuni kama redio ya jamii ya mji mdogo jangwani. Mtangazaji, kwa sauti ya Cecil Baldwin, anasoma matangazo ya mji kwa utulivu uleule tuliouzoea kwenye matangazo ya vifo: jina, mahali, ndugu na jamaa popote walipo. Ila anachotangaza yeye ni kwamba limefunguliwa bustani jipya la mbwa, na mbwa hawaruhusiwi kuingia, na watu pia hawaruhusiwi. Sauti haipandi wala haishuki. Ikifika hali ya hewa, unapigiwa wimbo. Mara ya kwanza nilidhani faili limeharibika.

Sisi tuliokua na Pwagu na Pwaguzi kwenye Radio Tanzania hatuhitaji kufundishwa kwamba sauti peke yake inaweza kukuvunja mbavu. Tumekatika tu katikati, picha ikachukua nafasi.

Sasa njia yenyewe, ambayo haijaniangusha bado: sikiliza majina mwishoni. Wengi kipindi kikiisha huruka kwenda kinachofuata. Usiruke. Kuna sauti gani iliyokuchekesha? Chukua jina la mwigizaji huyo ulitafute kwenye programu yako. Eric Chapman wa kule Piffling anaigizwa na Tom Crowley. Nilipomtafuta Tom Crowley nikamkuta ni inspekta kwenye Victoriocity, mchezo wa kipelelezi ulioandikwa na Chris na Jen Sugden, uliowekwa mwaka 1887 kwenye London iliyotanuka ikameza nusu ya kusini ya Uingereza. Nisingeipata Victoriocity kwa kutafuta neno lolote lile. Waigizaji hawa ni kama mafundi wa mtaa mmoja, ukimpata mmoja anayefanya kazi safi atakuonyesha mwenzake. Hata kwenye orodha ya vipindi vya mchezo mmoja utakuta wameweka kipindi cha kwanza cha mchezo wa marafiki zao. Mwanzoni niliviona kama matangazo nikawa navifuta. Nilikuwa nafuta mapendekezo bora kuliko yote.

Ukishaupata mchezo, anza kipindi cha kwanza. Najua podikasti za soga unaweza kuingia popote, hizi hapana. Niliwahi kuingia Wolf 359 katikati, nikakuta watu wanalia, nikajiuliza kichekesho kiko wapi. Kumbe ile inaanza na ofisa mawasiliano mvivu, Doug Eiffel, kwenye kituo cha anga za juu kinachozunguka nyota iliyo mbali na dunia miaka ya nuru 7.8, anagombana na wenzake juu ya dawa ya meno na mambo ya namna hiyo. Kadiri inavyokwenda inakuwa nzito, hadi unakuja kuogopa. Ilirushwa 2014 hadi 2017. Ukiianza mwanzo, zile kelele za vipindi vya awali ndizo zinazokufanya uumie baadaye. Vumilia vipindi vitatu kabla hujahukumu. Cha kwanza waigizaji bado wanatafutana na maiki pengine ni ya kuazima.

Usiongeze kasi. Najua wapo wanaosikiliza kila kitu kwa kasi moja na nusu. Habari sawa, mahubiri shauri yako. Hapa ukimya kabla ya jibu ndio utani wenyewe. Kama Kiingereza cha Waingereza kinakupita, soma kwanza kurasa mbili za maandishi niliyoyataja, kisha sikiliza. Lafudhi itafunguka.

Hedifoni nazo. Nilisikiliza wiki nzima nikidhani kuna mchezo wa kiajabu ambao mhusika mmoja hajibiwi kamwe. Anauliza, kimya. Anagomba, kimya. Nikamsifia mtunzi kwa rafiki yangu. Kumbe upande wa kushoto wa hedifoni yangu umekufa, na mwenzake kwenye ugomvi alikuwa amewekwa kushoto! Michezo mingi hutawanya sauti kulia na kushoto, kwa hiyo pima pande zote mbili kabla hujaanza kusifia.

Bando: sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu MB 1 kwa dakika, hivyo kipindi cha dakika 25 ni kama MB 24. Si nyingi. Kinachomaliza watu ni kubonyeza kitufe cha kufuatilia, programu ikaanza kupakua vipindi yenyewe. Kizime kipengele hicho siku ya kwanza, kisha pakua vinne vitano ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisini au ya shemeji.

Ukiwa na nusu saa leo, anza na kile kisiwa cha Piffling, kipindi cha kwanza. Kama ni kwenye daladala, kaa siti ya nyuma, na mtu akikuuliza unasikiliza nini mwambie ni redio.