Mume amefariki, na kila mtu ananisomea Warumi 8:28

Pole sana, dada yangu. Unauliza kama ni dhambi kumkasirikia Mungu, miezi minne baada ya msiba, wakati wanajumuiya wanakwambia "yote hufanya kazi kwa wema".

Wanaruka mstari. Rudi nyuma kidogo tu, 8:26: hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Kwa hiyo siku unazolia tu bila neno, maombi hayajakatika.

Soma pia Zaburi 13. "Hata lini" imo mara nne katika mistari miwili! Na ya 88 inaishia gizani kabisa, wala hakuna aliyeifuta. Ayubu alilalamika sura nzima nzima. Mwishoni (42:7) Mungu aliwakasirikia rafiki zake wenye majibu, si yeye. Walifanya vizuri zile siku saba za kwanza, walipokaa naye chini kimya.

Nilipofiwa na mama, aliyenisaidia ni jirani aliyekuja kuosha vyombo. Hakunukuu chochote.

Jioni soma hiyo ya 13 kwa sauti, mistari sita tu. Ukishindwa kuimaliza, ishia wa pili, ulale.