Kwa unayeanza dawati la kimataifa: mrengo wa kulia hauandikwi kwa usiku mmoja

Mdogo wangu uliyeingia dawati la habari za kimataifa, habari hii itakufikia mapema kuliko unavyodhani. Itakuwa Jumapili usiku, maana nchi nyingi za Ulaya hupiga kura siku hiyo. Mashirika ya habari yatakuwa yanatuma vistari vifupi mfululizo, na kimojawapo kitasema chama cha siasa kali za mrengo wa kulia "kimeandika historia". Una dakika chache kabla ya taarifa ya saa. Nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba usiku ule humwendea vizuri aliyejiandaa wiki mbili kabla, na kwamba sehemu kubwa ya habari haimo kabisa katika matokeo ya usiku ule.

Anza na sheria ya uchaguzi ya nchi husika. Isome kabla hujagusa hotuba ya mgombea yeyote. Uingereza, Julai 2024: chama cha Reform UK cha Nigel Farage kilipata asilimia 14.3 ya kura na viti 5 katika bunge la watu 650. Liberal Democrats walipata asilimia 12.2, pungufu ya hizo, wakaondoka na viti 72. Msikilizaji wa Tanzania au Kenya hahitaji maelezo marefu hapo, kwa sababu mbunge wake wa jimbo hupatikana vilevile: mwenye kura nyingi jimboni ndiye anayeingia, na kura za waliobaki zinaishia hapohapo. Mwambie hivyo. Ukimpa viti 5 peke yake atadhani Farage alishindwa vibaya, na ukimpa asilimia 14.3 peke yake atashangaa wabunge wako wapi.

Poland inafundisha zaidi. Mwaka 2015 chama cha Sheria na Haki, PiS, kilipata asilimia 37.6 ya kura, kikachukua viti 235 kati ya 460 na kuunda serikali bila kumhitaji mwingine. Oktoba 2023 kilipata asilimia 35.4, kikaongoza tena, lakini viti vikawa 194, na Desemba mpinzani wake Donald Tusk akaapishwa kuwa waziri mkuu. Pointi mbili na kitu tu, na chama kile kile kimetoka serikalini kwenda upinzani. Kilichobadilika hasa ni upande wa pili. Mwaka 2015 muungano wa vyama vya kushoto uliambulia kama asilimia 7.5 wakati sheria inautaka muungano ufikishe 8, na kwa jumla zaidi ya asilimia 16 ya kura ziliangukia vyama visivyopata kiti hata kimoja. Mwaka 2023 wapinzani walijipanga katika orodha tatu na zote zikavuka kiwango kinachotakiwa kupata viti, huku waliojitokeza kupiga kura wakipanda kutoka takriban asilimia 51 hadi karibu 74. Kwa hiyo kila unapoandika kwamba chama fulani kimepanda, uliza pia wapinzani wake walikuwa wamejipangaje.

Kisha soma Hungary, tena polepole. Mwaka 2010 Viktor Orbán na chama chake cha Fidesz walipata takriban asilimia 53 ya kura na zaidi ya theluthi mbili ya viti, kwa sheria waliyoikuta. Theluthi mbili inatosha kubadili katiba. Wakaandika mpya mwaka 2011, ikaanza kutumika Januari 1, 2012. Wakapunguza wabunge kutoka 386 hadi 199, wakafuta duru ya pili ya uchaguzi wa bunge, wakachora upya mipaka ya majimbo. Mwaka 2014 kura zao zilishuka hadi karibu asilimia 45, lakini wakapata viti 133 kati ya 199, yaani theluthi mbili ile ile.

Hapo katikati, kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, ndipo palipokuwa na habari kubwa, na ilikuja kwa sura isiyovutia. Umri wa majaji kustaafu ulishushwa kutoka miaka 70 hadi 62, majaji wengi wazoefu wakatakiwa kuondoka kwa mkupuo. Novemba 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema sheria hiyo inakiuka sheria za umoja. Mwaka 2018 zaidi ya vyombo 400 vya habari vilikusanywa chini ya taasisi moja iliyokuwa upande wa serikali. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati, kilichokuwa Budapest, kikahamishia masomo yake Vienna baada ya kubanwa na sheria mpya. Hakuna hata moja kati ya hizo lililokuwa na umati wenye bendera. Zilikuja kama ibara za sheria, saa za kawaida za kazi, na mhariri mwenye haraka ataziruka ili aweke picha ya mkutano wa hadhara. Wewe zichukue. Mtu anayesikiliza redio akiwa kwenye daladala anaelewa kabisa maana ya jaji kuondolewa na gazeti kununuliwa, ukimweleza kwa utaratibu.

Ufaransa nakuachia kama zoezi la subira. Juni 30, 2024 chama cha Rassemblement National na washirika wake kiliongoza duru ya kwanza ya uchaguzi wa bunge kwa takriban asilimia 33, na vyumba vingi vya habari vilishaanza kuzungumzia serikali yake. Ndani ya siku chache zaidi ya wagombea 200 wa kushoto na wa kati walijitoa ili kura za wapinzani zisigawanyike. Julai 7 chama hicho na washirika wake kilikuwa cha tatu kwa viti, 143 kati ya 577, ingawa hakuna kambi nyingine iliyopata kura nyingi kuliko zake. Mambo yote mawili ni kweli na yote mawili yanatakiwa yawemo kwenye habari yako. Wakenya, ambao katiba yao inaruhusu duru ya pili ya urais, watakufuata bila shida.

Usiviweke vyama hivi vyote kwenye kapu moja. Kinachoviunganisha ni namna ya kusema: wapo wananchi halisi, wapo wakubwa waliowasaliti, na yupo mgeni anayependelewa na hao wakubwa, halafu kiongozi mmoja anajitokeza kuwa sauti pekee ya hao wananchi halisi. Sehemu ya mwisho ndiyo ya kuangalia sana, kwa sababu anayejiona sauti pekee ya wananchi humwona mpinzani wake kuwa si mwananchi. Mhafidhina wa kawaida anaweza kupinga uhamiaji na bado akakubali kwamba aliyemshinda ameshinda kihalali. Lakini historia zao ni mbalimbali. Front National ya Jean-Marie Le Pen, 1972, ambayo leo ndiyo Rassemblement National, ilikuwa na waasisi waliowahi kupigana katika jeshi la SS la Hitler. AfD ya Ujerumani ilianzishwa 2013 na wasomi wa uchumi waliokasirishwa na fedha za kuokoa sarafu ya euro, na ikakaza msimamo dhidi ya wakimbizi baadaye. Fidesz ilizaliwa 1988 ikiwa chama cha vijana waliberali wanaoukataa ukomunisti. Uholanzi, Geert Wilders ndiye mwanachama pekee wa chama chake cha PVV. Hakuna mkutano mkuu wala kura ya ndani ya kumwondoa. Mwandishi asiyejua hayo atashangaa kila mara chama kinapobadili kauli.

Sasa wapiga kura. Hapa nakuomba uwe na moyo wa kusikiliza kuliko mahali pengine popote katika kazi hii. Chukua mji mmoja usome, badala ya kusoma bara zima. Mimi huwapa wanaoanza mji wa Hénin-Beaumont, kaskazini mwa Ufaransa. Ni mji wa makaa ya mawe; shimo la mwisho la eneo hilo lilifungwa 1990. Mwaka 2003 kiwanda cha kuyeyusha madini cha Metaleurop, jirani kabisa, kilifungwa na mamia ya wafanyakazi wakabaki mikono mitupu. Mwaka 2009 meya wa Kisoshalisti aliondolewa kwa kashfa ya fedha za umma, baadaye mahakama ikamtia hatiani. Mwaka 2014 Front National ikachukua ofisi ya meya katika duru ya kwanza. Ukiyapanga mambo hayo kwa mwaka, utaona kwamba chama cha wafanyakazi kilikuwa kimeshaondoka mioyoni mwa watu kabla kingine hakijaingia.

Lakini usigeuze njaa kuwa jibu la kila swali. Uchumi wa Poland ulikuwa ukikua wakati PiS inashinda 2015. Uswisi ni tajiri na chama chake kikubwa kuliko vyote ni cha mrengo huo. Na mikoa ya mashariki mwa Ujerumani, ambako AfD ina nguvu sana, ina wageni wachache kuliko magharibi. Huko Thuringia, Septemba 2024, AfD iliongoza kwa asilimia 32.8. Heshima inayodhaniwa kupotea, hasira ya kutosikilizwa mji mkuu, na ubaguzi wa rangi ulio wazi, vyote vimo, na kila mahali kwa kipimo chake. Taja ubaguzi kwa jina lake unapouona. Ila mpiga kura usimdhihaki. Chini ya PiS, mama wa watoto wawili kijijini Poland aliona zloti 500, fedha ya huko, kila mwezi kwa mtoto wa pili kuanzia Aprili 2016, baada ya miaka mingi ya serikali kumwambia avumilie. Ukiliacha hilo nje ya habari, hutaeleza kwa nini alirudi kuwapigia kura 2019.

Nikuelekeze sasa panapomgusa msikilizaji wetu moja kwa moja, na ambapo wengi wanaoanza hawatazami kabisa. Vyama hivi havihitaji kushinda ili sera zao zitekelezwe. Aprili 2022 serikali ya Boris Johnson, ya Conservative, ilitia saini makubaliano ya kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi wanaovuka bahari kwa mashua. Farage wakati huo hakuwa hata mbunge. Alikuwa nje, akiwapigia kelele Conservative kwamba wamelegea. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema mpango huo si halali, serikali ikatunga sheria ya kuikwepa hukumu, na Julai 2024 Keir Starmer wa Labour akaufuta mara tu alipoingia madarakani. Denmark ilikuwa imeshapitisha sheria ya namna hiyo Juni 2021, chini ya Wasoshalisti wa Kidemokrasia, chama cha kushoto, na nayo ikafanya mazungumzo na Rwanda.

Halafu Uganda. Oktoba 2024 waziri wa Uholanzi kutoka PVV, Reinette Klever, akiwa ziarani Uganda, alizungumzia wazo la kuwapeleka huko watu walionyimwa hifadhi. Juni 2025 PVV ikajitoa serikalini na serikali ikaanguka. Septemba 2025 serikali iliyobaki ya mpito ikatia saini na Uganda hati ya nia ya jambo lile lile. Chama kilishaondoka, sera ikabaki na ikasogea mbele. Ukiwa dawati la Kiswahili na habari ya namna hiyo ikapita kwenye mashine yako kama mistari minne ya shirika la habari, inuka uende kwa mhariri ukaombe muda zaidi. Piga simu Kampala, piga Kigali. Uliza fedha ni kiasi gani, nani ametia saini, bunge la huku limeuona mkataba, na mtu akishateremshwa uwanja wa ndege atakuwa na hadhi gani kisheria. Waandishi wa Ulaya watauliza kama mpango utapunguza mashua. Maswali ya upande wa huku, usipoyauliza wewe, hayataulizwa.

Kwa ajili hiyo weka daftari, la karatasi au la kwenye simu, la sera na si la viti. Andika sera ilitajwa kwanza na chama gani, mwaka gani, kisha nani mwingine aliichukua. Baada ya miaka michache litakusaidia kuliko majedwali yote ya matokeo.

Kuhusu maneno ya kuudhi: viongozi hawa hujua kwamba tusi husafiri haraka kuliko sera. Likitolewa, lieleze ndani ya habari kama ni lazima, na uweke aliyetukanwa ni nani na ukweli ni upi. Usilipandishe kwenye kichwa cha habari wala kulirudia kila saa.

Mwisho ni sauti. Tunao wasikilizaji na ndugu zao Ujerumani, Uingereza, Uholanzi, Marekani. Wenye uraia wanapiga kura, na wapo wanaovipigia vyama hivi. Watafute nao, uwaulize sababu kama unavyomuuliza mtu mwingine yeyote. Wasio na makaratasi ni suala jingine. Kubaliana nao kabla ya kurekodi: jina halitajwi, mtaa hautajwi, mahali pa kazi hapatajwi, na maneno yao yatasomwa na mwenzako studio. Hata lafudhi na namna ya kucheka humtambulisha mtu kwa jirani yake. Mwenye kesi ya hifadhi inayoendelea usimrekodi mpaka azungumze na wakili wake, hata kama yeye mwenyewe anakuhimiza, na hata kama taarifa ya saa inakaribia.