Hasara haikwisha siku skuli zilipofunguliwa

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita mlituuliza ikiwa kufungwa kwa skuli mwaka 2020 kwa sababu ya korona kutaugusa uchumi wetu kwa miaka mingi ijayo, au ni jambo lililokwisha kupita. Jibu langu ni kwamba kutaugusa, na kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo haikutokana na zile wiki ambazo milango ilifungwa, bali na namna tulivyorudi darasani.

Wengi husema sisi tulinusurika, na tukijilinganisha na majirani wana haki ya kusema hivyo. Uganda ilifunga skuli Machi 2020 na haikuzifungua kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022, ilhali Tanzania ilifunga katikati ya Machi 2020 na kufungua kwa wote mwishoni mwa Juni. Hata hivyo, ufupi wa muda si kinga. Oktoba 2005 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Pakistan ya kaskazini, na skuli za huko zikafungwa kwa wastani wa wiki 14, muda unaokaribiana sana na wetu. Watafiti Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das waliwapima watoto wa eneo hilo baada ya miaka minne, wakati maisha ya kaya yalikuwa yamesharudi katika hali yake, wakakuta kwamba waliokuwa wakiishi karibu na ufa wa ardhi uliosababisha tetemeko wako nyuma ya wenzao kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa masomo. Wiki 14 haziwezi kuzaa pengo la mwaka na nusu kwa hesabu ya kawaida. Ninavyoelewa mimi, mwalimu aliporudi aliendelea na muhtasari wa darasa la mbele, na mtoto asiyekuwa na msingi wa somo la jana hakuweza kulishika la leo, wala la kesho yake. Waliosalimika ni watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza elimu ya msingi, na hilo peke yake linatosha kutuonyesha mzigo huu unamwelemea nani.

Hapa Zanzibar pengo hilo lina mahali maalumu pa kujificha. Kwa sera yetu ya elimu ya mwaka 2006, Hisabati na Sayansi hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto aliyekuwa darasa la tatu au la nne mwaka 2020, ambaye kusoma kwake Kiswahili kulikuwa bado ni kwa kuungaunga silabi, alifika darasa la tano akatakiwa ajifunze hesabu za sehemu kwa lugha asiyoijua, wakati hata kwa lugha yake hajazielewa. Mwenye mzazi wa kumlipia tuisheni alipata pa kuegemea; wa Micheweni au Makangale, huku kaskazini mwa Pemba, mara nyingi hakupata.

Sasa nije kwenye fedha. Tafiti nyingi zilizokusanywa duniani zinakadiria kwamba kila mwaka wa masomo huongeza pato la mtu kwa karibu asilimia 9, na mwaka 2021 Benki ya Dunia, UNESCO na UNICEF zilikadiria kuwa kizazi kilichofungiwa skuli kinaweza kupoteza dola trilioni 17 katika mapato ya maisha yake. Ni makadirio, na trilioni hazimwambii kitu mtu wa Pemba. Mimi naandika hesabu za ushirika wa mwani, na huko naiona hasara hiyo kwa kadiri ya gunia moja. Kijana anasoma mizani vizuri, kilo 37 na nusu, lakini hajui aanzie wapi kuzidisha kwa bei, kisha kutoa mkopo wa kamba na taitai (vikamba vya kufungia mwani), kisha kugawana na mwenzake aliyelima naye. Simu anayo, na kikokotoo kimo ndani. Kinachokosekana ni kujua kipi kizidishwe na kipi kitolewe. Basi hupokea anachopewa. Kijana huyo huyo hataajiriwa mapokezi hotelini, hataweza kusoma maelekezo ya mashine ya kukaushia, na serikali itakapotaka kodi ya uchumi wa buluu, yaani wa bahari, haitapata kwake kitu kikubwa. Akiwa na watoto, atakuwa ni yule mzazi asiyeweza kuwasaidia siku skuli itakapofungwa tena.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wanafunzi walio bado skuli wapimwe kusoma na kuhesabu, kisha kwa saa moja kila siku wapangwe kwa kiwango wanachokiweza, si kwa darasa walilofikia, hata kama muhtasari utachelewa. Kwa waliokwisha kuacha, wale ambao hakuna mtihani utakaowafikia, elimu mbadala isiwangoje mjini bali iwafuate kwenye vyama vyao vya ushirika, na ratiba yake ipangwe siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, kwa sababu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, kila mmoja wao yuko pwani.

Msomaji wenu,
Micheweni, Pemba