Makaburi ya babu yana bei? Maswali yenu ya wiki hii

Tumepata mteja wa shamba la babu, dau zuri, ila kaka mkubwa hataki sababu makaburi yapo pale. Mteja kaongeza mara mbili, kaka ndo kazidi kuwaka. Ana shida gani?

Hana shida ndugu yangu, acheni kumtajia hela. Kuna vitu haviingii kwenye mizani kabisa, dini, makaburi, mtoto, sasa ukiongeza dau yeye hasikii bei imepanda, anasikia unamuuliza mifupa ya babu shilingi ngapi. Mwaka 2007 Jeremy Ginges, Scott Atran na wenzao walitoa utafiti, waliwauliza walowezi wa Kiyahudi na wakimbizi wa Kipalestina kuhusu mapatano ya amani, wale wanaoona madai yao ni matakatifu wakiongezewa hela hasira inapanda, ila wakisikia upande wa pili nao unaachia kitu chake kitakatifu, inashuka.

Si hela ndogo tu? Kila mtu ana bei yake bana.

Hapana, waangalie Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani. Mkataba wao na serikali wa 1868 uliwaachia milima ya Black Hills, kwao ni mitakatifu, ikaonekana dhahabu, 1877 serikali ikaichukua, halafu 1980 Mahakama Kuu ikasema walidhulumiwa walipwe zaidi ya dola milioni 100. Wamekataa mpaka leo! Hela imekaa tu na riba yake, imeshapita bilioni 1, na hao watu wengi wao ni maskini kweli, wanasema milima haiuzwi basi. Mimi nawaheshimu sana kwa hilo.

Utamjuaje anayesingizia mila ili apandishe bei?

Huyo ukiongeza dau anatulia.

Mama anaumwa, tunataka kuuza shamba la ukoo atibiwe, wadogo zangu wananiona sina heshima.

Pole sana. Mwanasaikolojia Philip Tetlock ameandika mengi kuhusu hili, watu wanachukizwa kitu kitakatifu kikipimwa na hela, ila kikipimwa na kingine kitakatifu wanaumia lakini wanaelewa. Kwa hiyo usianze na milioni ngapi, anza na uhai wa mama sababu hilo ndo jambo lenyewe. Makaburi yapimwe yabaki ya ukoo, njia ya kwenda kuzuru iandikwe kwenye mkataba, na mnunuzi asitume dalali, aje mwenyewe akae na wazee aombe, bei izungumzwe siku nyingine.