Kitabu au video kwa anayeanza mazingaombwe ya sarafu?

Ndugu, umeuliza uanze na kitabu au video. Mimi nasema kitabu: Modern Coin Magic cha J. B. Bobo, cha mwaka 1952. Kiko kwa Kiingereza, na ni kinene, kwa hiyo usikimbilie kukimaliza. Kaa kwenye kurasa za kuficha sarafu kiganjani mpaka mkono uonekane mtupu na umelegea kabisa. Hapo ndipo wengi hufanya haraka, na inasikitisha, maana kila kitu kinategemea hapo.

Video inafaa kuona kasi ya mikono na macho ya mwanamazingaombwe yanaelekea wapi. Chagua mwalimu mmoja anayefundisha polepole. Bobo anatumia sana nusu dola ya Marekani, yenye kipenyo cha milimita 30.6, kwa hiyo mwenye kiganja kidogo aanze na sarafu ndogo zaidi. Vifaa maalumu usinunue bado.