Kabla hujahesabu miti Irangi, chukua jembe

Wiki yangu ya kwanza kwenye vilima vya Irangi, Kondoa, mkoani Dodoma, nilirudi kambini nimejaa furaha. Ndani ya ploti moja ya mita 10 kwa 10 nilikuwa nimeandika miche 43 ya myombo, mti wa asili wa misitu hii. Nikajisemea, msitu huu unazaa kweli kweli. Kesho yake mzee aliyekuwa akituongoza akaniomba nimwoneshe hiyo miche. Hakusema neno. Alichutama, akafukua pembeni mwa mmoja uliofika magotini. Kina cha kiganja tu, tukakuta kisiki kinene kama paja la mtu, kimejaa makovu ya shoka. Akafukua wa pili na wa tatu: yote ilitoka kwenye mzizi ule ule.

"Mwanangu," akasema, "huyu unayemwita mche ni mkubwa kuliko mimi."

Tulipomaliza kufukua ploti nzima, miche ya mbegu ilikuwa minne. Daftari lile ninalo hadi leo.

Ninyi mnaoanza kazi hii ya kupima msitu unaorudi mtasimuliwa habari za Kondoa, na ni habari za kweli. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kwa matuta, makinga maji na kupanda miti. Mwaka 1979 serikali ikaondoa mifugo yote kwenye eneo lililoharibika zaidi, zaidi ya kilomita za mraba 1,200: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, karibu 90,000. Vilima vilivyokuwa vyekundu tupu vikaanza kurudisha kijani baada ya misimu michache. Mgeni akisikia hivyo hudhani mbegu zilianguka, zikaota, zikawa miti. Myombo haufanyi haraka hivyo kwa mbegu. Kwa miaka mingi mzizi ulikuwa hai chini, kila ukitoa chipukizi mbuzi anakata, na wenyewe unazidi kunenepa ardhini. Midomo ilipoondoka, chipukizi likapanda juu likiwa na akiba ya miaka hiyo yote.

Ndiyo maana utakuta mteremko mmoja una msitu wa kukuzidi kimo mara tatu, na hatua mia kutoka hapo kuna jiwe na changarawe mpaka leo. Mifugo iliondoka siku moja pande zote mbili. Tofauti ni kwamba upande wa pili udongo ulishakwenda na mizizi yake, ukaishia mabondeni kama mchanga. Kwa hiyo ukifika sehemu mpya, swali la mwaka walipoondoka ng'ombe liwe la pili. La kwanza ni wapi mizizi ilibaki.

Majani nayo msiyapuuze. Ng'ombe wakiondoka, majani yanarefuka, na majani marefu yaliyokauka ni kuni tayari. Moto wa Juni, majani yakiwa bado na unyevu, hupita chini chini na chipukizi nyingi hupona. Ule wa Septemba au Oktoba huziunguza chipukizi hadi ardhini, na mwaka unaofuata unaanza tena kwenye kisiki. Nimewahi kuona shina la mkono mmoja kwenye mzizi wa nusu karne, na kosa halikuwa la mbuzi. Andikeni makovu ya moto kwenye fomu hata kama fomu haina nafasi yake.

Kuna jambo dogo ninalolipenda. Ukikuta migunga imejikusanya peke yake katikati ya miyombo, uliza kama hapo palikuwa na zizi. Samadi hubadilisha udongo kwa muda mrefu sana, na maganda ya migunga huliwa na mifugo, mbegu zikatoka upande wa pili zikiwa salama. Msitu unaorudi si lazima uwe ule uliokuwepo.

Sasa kuhusu watu, na hapa niliumbuka vibaya zaidi kuliko kwenye ploti. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikauliza, "Wazee, msitu ulianza kupona lini?" Kimya. Baadaye mama mmoja akaniambia pembeni kwamba kwao mwaka ule ndio mwaka walioondokewa na ng'ombe: mahari, maziwa ya watoto, vyote vikahamishwa au kuuzwa. Mimi nimekuja kuuliza kwa tabasamu. Tangu hapo naanza na shikamoo, nakaa, nauliza habari za mifugo yenyewe: ilikwenda wapi, nani aliichunga, ilirudi lini kwa kufungiwa bandani. Habari za miti huja zenyewe, na mara nyingi ni sahihi kuliko ramani.

Vya kubeba: jembe dogo, futi kamba, penseli (kalamu ya wino huchuruzika mvua ikinyesha), na rangi ya kuweka alama. Kipenyo pimeni mita 1.3 kutoka ardhini kama kawaida, lakini mashina yanayotoka kisiki kimoja yapeni namba moja ya kisiki, kisha herufi kwa kila shina. Bila hivyo, atakayekuja baada yenu atahesabu mti mmoja mara sita. Na kabla ya kuondoka, tafuteni mwamba usiohama, wekeni alama, pigeni picha mkielekea upande ule ule kila mwaka, mwezi ule ule. Yangu ya kwanza niliipiga Machi na ya pili Oktoba. Ukiziweka pamoja utadhani msitu umekufa.